Kisima cha Madereva

Kulikuwa na nchi, na inasemekana ingali ipo, maana nchi za namna ile hazifi. Wanaokufa ni raia wake. Usiisake kwenye ramani. Utazikuta nyingi zinazofanana nayo, mwisho ugombane na wenyewe bure.

Iliitwa Jamhuri ya Siha. Mwaka ilipojitawala, Bunge lilikaa likapiga kura kwamba wananchi wote ni wazima. Hoja ilipita kwa kishindo. Mbunge mmoja tu aliyekohoa wakati wa kuhesabu alihesabiwa kuwa amepinga, na hakusikika akikohoa tena.

Tangu siku hiyo ugonjwa haukuwa jambo la mwili, ulikuwa jambo la maandishi. Sheria ilisema hakuna maradhi yatakayotambulika kuwapo nchini mpaka yachapishwe katika Jarida la Taifa la Sayansi za Afya. Ukiumwa kabla ya kuchapishwa, ulikuwa unaumwa kienyeji, tena kwa hatari yako mwenyewe. Na usimlaumu mtu aliyeitunga sheria hiyo. Naye alikuwa mzima.

Sasa, mbali na mji mkuu kulikuwa na kijiji kikiitwa Kisimachema. Kilipata jina kwa kisima cha zamani, kitamu, ambacho serikali ilikifukia ili nyasi za Nyumba ya Mapumziko ya Kitaifa zipate mahali pa kuota. Wanakijiji wakachimbiwa kisima kingine, chini kidogo ya mteremko. Juu ya mteremko huo kulikuwa na choo cha Nyumba, chenye vigae kutoka ng'ambo na viti kumi na viwili vilivyopangwa duara, kwa kuwa Baraza la Mawaziri lilizoea kwenda pamoja.

Baraza lilikaa huko juma zima, likala, likajadili, likaondoka. Mvua ikanyesha. Na Kisimachema wakaanza kuanguka.

Mganga wa zahanati, Dakta Nyangasa, alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa waya sikio moja. Alipoona choo cha wagonjwa kimekuwa kama maji ya kuoshea mchele na watu wamekauka macho ndani ya nusu siku, hakuhitaji kuambiwa. Alikimbia kwa Mkuu wa Wilaya.

"Mheshimiwa, kile kisima kifungwe leo."

"Daktari," alisema Mkuu wa Wilaya, mtu mwenye huruma sana, "nakuamini kama ninavyomwamini mama yangu mzazi. Lakini hata yeye alipokuja kulalamika mgongo, nilimwambia lete andiko. Kisima hufungwa kwa makala iliyochapishwa. Kikifungwa, siku hiyo hiyo serikali inaleta maji kwa lori. Sheria yetu ni nzuri mno, tatizo watu hawaandiki."

"Watu wanakufa."

"Basi andika haraka."

Aliporudi aliwaambia watu wachemshe maji. Wakamwuliza kwa kuni zipi, maana msitu ulikuwa umezungushiwa waya uwe bustani ya wageni wa Nyumba. Jioni ile Bi Sikudhani, muuza maandazi, alimleta mgongoni binti yake wa miaka sita, Mwanaidi. Asubuhi walimzika.

Kutoka makaburini Bi Sikudhani alimfuata daktari, kanga imeloa udongo wa magoti.

"Daktari, sisi tukisema tunaambiwa tunaumwa kienyeji. Wewe una kalamu. Nenda ukawaambie."

"Nitawaambia, mama," alisema Dakta Nyangasa. Na alimaanisha. Hilo asinyang'anywe.

*

Aliandika kwa siku chache kama mtu anayezima moto. Ikisiri, utangulizi, mbinu, matokeo, majadiliano, marejeleo. Kila kitu mahali pake, kama Mwongozo kwa Waandishi ulivyotaka. Akapanda lori la mkaa hadi mji mkuu, mswada umefungwa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko umefungwa kifuani.

Mhariri Mkuu wa Jarida alikuwa Kanali Mstaafu Profesa wa Heshima Zuberi Ngwatu. Sayansi hakuisoma, lakini aliwahi kulinda maabara. Alimkaribisha daktari kwa bashasha, akaagiza chai, akauweka mswada mezani, akaupiga saluti.

"Karibu sana. Hapa kwetu kila mswada husomwa na wahakiki wawili wasiojulikana. Mmoja anatumia kalamu nyekundu, mwingine ya kijani." Akafungua droo, akatoa kalamu mbili, akaziweka zote mbele yake. "Sasa. Waandishi wa makala hii ni nani?"

"Ni mimi tu, Mheshimiwa."

"Wewe tu?" Kanali alisikitika kama aliyesikia msiba. "Mtu mmoja ajue jambo ambalo Waziri halijui? Hiyo ni fitina." Akachukua nyekundu. Mwandishi wa kwanza akawa Waziri. Wa pili Katibu Mkuu. Wakafuata mkwe wa Waziri, mkandarasi wa Nyumba ya Mapumziko, na marehemu mmoja aliyekuwa akiheshimika. Mwisho kabisa, baada ya koma, Kanali akaandika: *na wengineo*.

"Hapo ndipo ulipo wewe," alisema kwa upendo. "Ni mahali pazuri. Hapana presha."

Dakta Nyangasa alijiambia, jina si kitu, kinachotakiwa ni kisima kufungwa.

"Sehemu hii ya 'Upungufu wa Utafiti'. Nchi hii ina upungufu?"

"Hapana, Mheshimiwa, ni utaratibu tu wa kisayansi, mtu anaeleza pale ambapo..."

"Ina upungufu au haina?"

"Haina."

Ikawa 'Ziada ya Utafiti'.

"Mgongano wa maslahi. Umeandika huna. Ila wewe mwenyewe unakunywa maji?"

"Nakunywa, Mheshimiwa. Kila mtu anakunywa."

"Na unaandika juu ya maji. Unaona sasa? Lakini nitakufichia." Kalamu ya kijani ikapita. Kanali akarudi kwenye kichwa cha makala, akakikazia macho, uso ukabadilika. "Hii nini?"

"Kipindupindu, Mheshimiwa."

"Hebu lisome polepole."

"Ki... pindu... pindu."

Kanali aliinuka akafunga mlango. "Umejisikia ulichosema? Pindu. Halafu ukarudia. Mimi jeshini nimekaa. Watu niliowajua walipindua mara moja tu, na leo hawapo. Wewe unapindua mara mbili ndani ya neno moja, tena umelipigia mstari!"

"Ni jina la ugonjwa tu."

"Na wao walisema ni gwaride tu."

Chini dirishani muuza kahawa aligonganisha vikombe. Dakta Nyangasa akaona jasho lake limeshuka hadi kwenye waya wa miwani.

"Basi tuseme kuhara kukali," alisema.

"Daktari! Jarida hili huwekwa mezani kwa Baba wa Siha akiwa anakula yai lake. Unataka akutane na neno hilo?"

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hakuna mtu aliyemlazimisha. Baadaye alitafuta sana mtu wa kumlaumu, akazunguka weee, akajirudia mwenyewe. Kanali hakulifahamu neno lile. Ni yeye aliyelitoa kinywani, kwa sauti ya mtoto anayetaka kusifiwa na mwalimu.

"Mitaani, Mheshimiwa, kwa lugha ya staha, watu husema tumbo la kuendesha."

"Kuendesha." Kanali alilionja. "Kuendesha! Hilo neno lina maendeleo ndani yake. Safi sana." Akainamia karatasi, halafu akakunja uso. "Ila hili tumbo... Tumbo linaleta picha ya njaa. Tumbo liondoke."

"Mheshimiwa, tumbo likiondoka..."

"Likiondoka?"

Daktari alimtazama. Alikiona kisima. Aliona pia, kwa pembeni, namna makala yake itakavyopendeza kwenye karatasi ile nzito ya kung'aa. Akajisemea, mwenye akili ataelewa.

"Hakuna neno, Mheshimiwa. Liondoke."

Baada ya hapo mambo yaliteleza. 'Wagonjwa' wakawa 'washiriki'. 'Walifariki' ikawa 'walifika', kwa maelezo kwamba herufi zenyewe ni karibu zilezile na kila mtu mwishowe hufika. Walipofikia sentensi iliyosema kwamba chanzo cha yote ni choo cha Nyumba ya Mapumziko ya Kitaifa, daktari alifumba macho. Kanali alifuta maneno 'choo cha' tu. Yaliyobaki aliyasoma mara mbili, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"'Chanzo cha kuendesha huku ni Nyumba ya Mapumziko ya Kitaifa.' Ajabu! Kumbe na wewe ni mzalendo. Hii isiguswe hata nukta."

*

Mswada ulirudishwa kwa marekebisho, ukapelekwa, ukarudishwa. Mara nafasi kati ya mistari ilikuwa ndogo mno, waheshimiwa wakabanana. Mara ilikuwa kubwa mno, ikawapa watu nafasi ya kufikiri. Kila aliporudi Kisimachema, Dakta Nyangasa alikuta matuta mapya ya udongo. Akaanza kupita njia ya nyuma, ile ndefu ya kwenye mihogo, ili asipite makaburini. Akiulizwa na nafsi yake, alisema njia ile ina kivuli.

Watu walikuwa wakimngoja mlangoni pa zahanati.

"Vipi, Daktari, wamesemaje?"

"Bado kidogo. Uko kwa wahakiki."

"Hao wahakiki wanakunywa maji ya wapi?" aliuliza mzee mmoja, na watu wakacheka cheko fupi la watu waliochoka.

Siku Jarida lilipotoka, alilipeleka mwenyewe kwa Mkuu wa Wilaya, analikimbiza kama mkate wa moto. Mkuu wa Wilaya alivaa miwani, akasoma kwa sauti:

"'Katika kijiji cha Kisimachema, mamia ya washiriki waligunduliwa kuwa wanaendesha. Kila aliyekunywa maji ya kisima hicho alianza kuendesha ndani ya siku mbili. Washiriki waliendesha mfululizo, usiku na mchana. Wengi wamekwisha kufika.'" Akavua miwani. Macho yalikuwa na machozi ya furaha. "Daktari! Kijiji kisicho na hata baiskeli!"

"Mheshimiwa, hapo kuendesha maana yake si..."

"Si nini?"

"Ni ile... ya tumbo."

Mkuu wa Wilaya alifunua kurasa, akatafuta kwa uaminifu wote. "Tumbo silioni. Na hapa amesaini Waziri. Unataka kuniambia Waziri hajui kuendesha ni nini? Na unataka nifunge kisima kinachozalisha madereva?"

Dakta Nyangasa alifungua mdomo. Akakumbuka Kanali alivyofunga mlango. Mdomo ukajifunga wenyewe, na akashukuru, na kushukuru kule kunamchoma hadi leo.

*

Serikali ya Siha ikiamua jambo jema haichelewi. Juma lililofuata vibao vya barabarani vilisimikwa kijijini, kimoja kikikataza kupita gari jingine mbele ya zahanati. Ikawekwa taa ya kuongozea magari kwenye njia ya kisimani. Kwa kuwa umeme haukuwapo, ilipakwa rangi ya kijani moja kwa moja. Akahamishiwa huko askari wa usalama barabarani, Koplo Lusajo, na mkewe na watoto wao wawili, wakapewa nyumba jirani na kisima ili wasitaabike na maji.

Halafu ikaja siku ya leseni.

Jukwaa lilipambwa. Kanali Ngwatu alikuja mwenyewe na kofia yenye manyoya. Mshereheshaji aliwatambulisha wageni wote kwa vyeo vyao, na alipomfikia daktari, aliyekaa kiti cha mwisho, akatazama karatasi yake akasema, "Na huyu ni Ndugu Na Wengineo." Watu wakapiga makofi.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Kanali. "Nchi za jirani watu wao wanaendesha mchana tu. Ninyi, sayansi imethibitisha, mnaendesha hadi usiku wa manane! Wengine, nimesoma kwa macho yangu, mnaendesha bila hata kuwahi kufika mlangoni!"

Kuna waliocheka. Wakatazamana, wakaona haya kwa kucheka, wakanyamaza.

Majina yakaanza kuitwa. Wachache waliinuka, wamekonda, wakapokea leseni wakazigeuzageuza. Majina mengine yaliitwa hapakutoka mtu. Mshereheshaji, kijana mchangamfu, alisema kila mara: "Hayupo, yuko barabarani!" Mpaka akafika kwa Mwanaidi, umri miaka sita, dereva wa daraja la kwanza.

Bi Sikudhani aliinuka. Alikwenda taratibu, akapokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa mtu akipewa kitu na mkubwa, akashuka. Hakurudi mahali pake. Alikwenda moja kwa moja hadi kiti cha mwisho.

"Daktari, mimi sisomi. Hii ndiyo karatasi ya kufunga kisima?"

"Hapana, mama."

"Ni ya nini?"

Dakta Nyangasa alitazama viatu vyake. "Ni leseni. Ya kuendesha."

Bi Sikudhani alipoelewa, hakupiga kelele wala hakulia. Aliikunja ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Kweli aliendesha," alisema. "Siku moja tu."

"Mama, mimi nilikuwa najaribu... nilifikiri nikiwapa neno laini wataelewa..."

"Jina la ugonjwa tulilijua sisi siku ile ile, baba. Hatukukutuma mjini ukalitafute. Tulikutuma ukalitaje."

Akachukua ndoo yake chini ya jukwaa, akateremka kuelekea kisimani, maana nyumbani alikuwa na wengine wenye kiu.

*

Kanali alikuwa anatangaza kwamba mwakilishi wa waandishi atatoa neno la shukrani. Watu wakageuka kukitazama kiti cha mwisho, wakakikuta kitupu.

Dakta Nyangasa alikuwa mteremkoni, na koti lake moja la sherehe, anavuta matawi ya miba. Alimpita Bi Sikudhani bila kuweza kumtazama. Alivuta tawi, akalilaza kwenye njia ya kisimani, akarudi kwa jingine. Miba ilimchana viganja, na aliona afadhali. Bi Sikudhani alisimama, akaweka ndoo chini. Hakumsaidia, hakumzuia.

Filimbi ikalia. Koplo Lusajo alikuja mbio, mkono mmoja ameshika kofia.

"Wewe! Unazuia barabara!"

"Hapa hapana barabara, afande."

"Itakuja. Ndiyo maana taa ipo." Akamkalisha kwenye jiwe, akatoa karatasi ya maelezo, akalamba ncha ya kalamu. Alikuwa askari wa haki, asiyependa kumwonea mtu. "Sababu ya kuzuia?"

"Kipindupindu."

Kalamu ilisita. "Rudia, kwa silabi. Mimi naandika polepole."

Neno lile Dakta Nyangasa alikuwa amelifuta kwa mkono wake mwenyewe, kwenye kichwa, kwenye ikisiri, kwenye kila ukurasa. Sasa lilitoka kama mfupa uliokwama. "Ki. Pi. Ndu. Pi. Ndu."

Koplo aliandika hadi mwisho. Kisha akasoma alichoandika, midomo ikicheza. Akaisoma tena.

"Kipindupindu, wapi?"

"Humu kisimani. Tangu zamani. Kabla hujahamia."

"Hapana, bwana, usinitanie. Mimi nimeletwa hapa kwa Jarida. Tulisomewa kikosini, mstari kwa mstari: watu wa hapa ni madereva, maji ya hapa yanafaa. Mke wangu amechota asubuhi. Mdogo ameshinda amelala, mama yake anasema ni joto." "Nani aliandika upuuzi ule? Mbona pale pana jina la Waziri?"

Jibu lilikuwa tayari, halali kabisa, limepigwa mhuri. Waziri, Katibu Mkuu, mkwe, mkandarasi, marehemu. Jina la Nyangasa halikuwamo popote. Dunia nzima isingejua. Bi Sikudhani alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, anamtazama.

"Mimi," alisema Dakta Nyangasa.

"Wewe umefanya nini?"

"Niliandika mimi. Na neno la kuendesha nililitoa mimi. Hakuna aliyenilazimisha."

Koplo Lusajo alimtazama kwa muda, kama mtu anayesoma kibao kilichofutika. Mkono ulikwenda kwenye pingu, ukaacha. Halafu akatupa karatasi na kalamu, akaanza kukimbia kuelekea nyumba iliyo jirani na kisima. Kofia ilimdondoka, hakuiokota. Alikuwa anaita kabla hajafika, sauti imepasuka: "Mama Tusa! Mama Tusa! Usimpe maji! Usimpe maji!"

Jukwaani walikuwa wakipiga vigelegele. Daktari aliinuka kumfuata, amsaidie mtoto, na Bi Sikudhani akaokota karatasi ile ya maelezo chini, akampa.

"Nenda na hii," alisema. "Safari hii usiwape waisahihishe."

Akaipokea kwa mikono miwili, viganja vinavuja damu, bila kuthubutu kuinua macho.